Mwezi wa Pili Watu Hawaendi Ruaha

Shemeji yangu ni fundi magari hapa Dodoma, na kama walivyo mafundi wengi, akishatamka neno harudi nyuma. Mwezi wa tisa mwaka jana alitupeleka Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, tukalala hemani siku tatu, tukarudi tumeridhika. Nilipomwambia nataka kurudi mwezi wa pili, akaweka spana chini.

"Shemeji, mwezi wa pili watu hawaendi Ruaha. Wanyama wametawanyika porini, utakwenda kuangalia majani."

Nikamjibu kwamba kwa sisi tuliozaliwa Ugogoni, kwenye ukame, hata majani ni utalii. Akacheka, lakini hakukubali mpaka dada, mkewe, aliposema basi tutaazima gari la fundi mwingine. Hapo ndipo Land Cruiser yake, ambayo ina umri mkubwa kuliko mwanangu wa darasa la sita, ikaanza kumwagwa oili.

Tulitoka Ijumaa alfajiri, watu wanne tumebanana na hema mbili, mtungi wa gesi, madumu ya maji, unga, dagaa na jembe. Jembe lilikuwa wazo la dada. Barabara ya Iringa ni lami tupu, kama kilomita 260, na zamani ilikuwa kipande cha ile njia ya wakoloni ya kutoka Cape hadi Cairo. Fufu, Chipogolo, kote mtama na uwele ulikuwa umesimama kijani hadi kiunoni. Mwezi wa tisa tulipita hapohapo nikaona vumbi na mbuyu, mbuyu na vumbi.

Mtera tuliuvuka Mto Ruaha Mkuu kwa mara ya kwanza. Bwawa lilikuwa limejaa hadi huoni ng'ambo vizuri. Maji yale yanazungusha mitambo ya megawati 80 palepale, kisha yanateremka hadi Kidatu kuzungusha mingine ya megawati 204, kwa hiyo taa nyingi za nchi hii zimeshapitia mto huu. Mwanangu akauliza kama huu ndio ule mto tuliolala kando yake mwezi wa tisa. Nikamwambia ndio huohuo, tofauti ni kwamba kule juu, hifadhini, wakati ule haukuwa mto.

Nieleze kidogo. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi. Maji yake yanatoka nyanda za juu, yanaingia bonde la Usangu, na huko yanakutana na mifereji ya mashamba ya mpunga, mifugo, na ardhioevu ya Ihefu inayobakiwa na maji kidogo mno ya kuachia. Mwezi wa tisa tulikuta mchanga mweupe, na madimbwi ambamo viboko walikuwa wamebanana kama abiria wa daladala. Jioni moja tembo jike alikuja katikati ya mchanga, akapiga teke, akazoa kwa mkonga, akapiga tena, mpaka shimo likafika gotini kwake. Kisha akasubiri. Hakuingiza mkonga mara moja. Alisubiri maji yachuje, yatulie. Bibi yangu alikuwa akifanya vilevile kwenye korongo la kijijini kwetu, na kata yake mkononi, anatukemea tusiyatibue. Sikumwambia mtu pale, lakini machozi yalinilenga.

Ndiyo maana nilitaka kuuona mto ule ukiwa na maji.

Tulipanda Nyang'oro, tukaingia Iringa na baridi yake, tukanunua viazi na njegere. Shemeji akapotea kidogo, akarudi na dumu la lita tano la ulanzi. Masika ndiyo msimu wake: chipukizi la mwanzi hukatwa ncha, utomvu ukadondokea kwenye chombo, na ukiunywa mapema ni mtamu kama juisi. Dada akamwambia usikaze kifuniko, kitu hicho kinaumuka. Akasema, "Mke wangu, mimi ni fundi, najua mgandamizo." Akakaza.

Baada ya Kalenga, kijiji kinachohifadhi fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, lami ikatuaga. Kutoka Iringa hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 130, na kwa mvua ile ilikuwa safari ya kuomba Mungu. Idodi tulikuta lori limelala ubavu. Tungamalenga watoto walitukimbilia wakicheka, maana gari lilikuwa limepakwa tope hadi kwenye taa.

Getini hupokelewi fedha taslimu. Malipo ni kwa kadi au namba ya kumbukumbu, na Mtanzania analipa ada ndogo sana kuliko mgeni. Mwanangu akamwamkia askari shikamoo. Akaitikia, akatuangalia mmoja mmoja. "Marahaba. Karibuni sana. Mna habari kwamba ni masika?" Alituambia kambi kadhaa za kitalii za watu binafsi hufungwa kabisa mvua zikikolea, Machi hadi Mei, lakini viwanja vya hema vya hifadhi viko wazi mwaka mzima kwa anayethubutu.

Kwenye daraja la Ibuguziwa shemeji akasimamisha gari bila kuambiwa. Mto ulikuwa umejaa kingo kwa kingo, rangi ya chai ya maziwa, umebeba magogo na povu. Viboko walikuwa wametapakaa, kila mmoja na nafasi yake. Wahehe wanasema "luvaha" ni mto, na ndilo lililozaa jina Ruaha. Kwa hiyo sisi tunaosema Mto Ruaha tunasema mto mto. Siku ile ulistahili kutajwa mara mbili.

Kiwanja cha Msembe hakina uzio. Hili watu hawaliamini hadi wafike. Kuna choo, kuna kibanda cha kupikia, kuna miti mikubwa ukingoni, halafu basi. Simba ana haki ya kupita kama wewe. Masharti ni machache. Chakula chote kiingie garini, hasa matunda, kwa sababu tembo akinusa embe hemani hatauliza mwenyewe. Viatu viingie ndani, fisi anavipenda. Zipu ifungwe hadi chini, na ukibanwa usiku, vumilia au tumia ndoo. Tulikuwa peke yetu. Mwezi wa tisa nilihesabu hema kumi na moja pale.

Usiku wa kwanza fisi walianza mapema, ile "uuu-wip" inayopanda mwishoni. Simba alinguruma ng'ambo ya mto, na sauti ile husafiri hata kilomita nane, kwa hiyo nilijipa moyo kwamba yuko ya nane. Yapata saa sita, kukatokea mlio: paa! Kama bunduki. Fisi wakanyamaza. Hata vyura wakanyamaza. Nikamkumbatia mwanangu nikijua ni majangili.

Tochi zikaja. "Nani kapiga hapa?" sauti ya askari wa zamu, kali kabisa. Kimya. Halafu kutoka hema ya pili, taratibu, dada: "Hakuna aliyepiga, baba. Ni ulanzi."

Kifuniko kilikuwa kimeruka na kugonga dari la gari, na lita tano zote zilikuwa zimemwagika kwenye viti, usukani, mablanketi ya akiba. Yule askari alijitahidi kuwa mkali lakini tochi yake ilikuwa inatikisika kwa kicheko. Asubuhi tulifungua milango ili gari lipate hewa, na ndani ya nusu saa nyuki wakaja. Hawakuwa kumi wala ishirini. Walilijaza gari kama mzinga, sisi tukanywa chai ya rangi mbali kule chini ya mkwaju, mikate ikiwa imefungiwa kwa nyuki. Askari akatufariji kwamba angalau tembo hawatasogea. Ni kweli, tembo anamwogopa nyuki, na wakulima wa vijiji vilivyopakana na hifadhi katika nchi yetu wamejifunza kutundika mizinga kuzunguka mashamba. Tuliondoka kambini saa tano.

Kuchelewa huko ndiko kulikotuonyesha hondohondo. Kwenye mbuyu karibu na kiwanja, ndege mwembamba mwenye mdomo mwekundu alikuwa akienda na kurudi na panzi mdomoni, anasimama mbele ya ufa mdogo, anaingiza kitu, anaondoka. Jike alikuwa ndani, amejiziba kwa udongo na kinyesi, amebakiza upenyo wa kupokelea chakula tu, na atakaa humo na makinda hadi wakomae kiasi. Ndege huyu wa Ruaha alielezwa kitaalamu kama aina ya peke yake mwaka 2002 tu. Mwanangu alihesabu safari kumi na tisa za yule dume. Dada akamgeukia shemeji: "Unaona wenzio?" Mwezi wa tisa nilipita mbele ya mbuyu uleule, mtupu hauna jani, ganda limechunwa na tembo, nikaupiga picha na kuendelea.

Kuhusu majani, shemeji alikuwa sahihi, nikiri. Yalikuwa marefu kuliko boneti. Tulizunguka kwa muda wa saa tatu tukaona twiga, swala pala na watoto wao, tandala mkubwa mmoja mwenye pembe za kujisokota, na mbung'o. Mbung'o tuliwaona sana. Wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, na shemeji alikuwa amevaa jinzi.

Kisha akaamua kukata kona kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi, ambao juu una ngozi ya nyasi na chini ni uji. Gari lilishuka polepole, kwa heshima, kama mtu anayekaa kwenye kochi. Nikasema, "Idodomya."

Kwetu ndivyo wazee wanavyosimulia: tembo alikuja kunywa maji kijito cha Kikuyu, akazama kwenye tope, watu wakashangaa kwa Kigogo, "Idodomya!", amezama, na mji ukapata jina. Sisi tulikuwa tumezama kilomita mia tatu na zaidi kutoka mjini kwetu, na tembo halisi wanatuangalia kutoka kwenye vichaka. Shemeji alishuka na jembe. Mimi niliwekwa juu ya paa kuangalia nyati. Kundi lilikuwa mbali, lakini kila walipoinua vichwa nilisema "shemeji" na yeye alisema "najua". Tulipunguza upepo wa matairi, tukachimba, tukasogea hatua mbili, tukazama upya. Gari la doria lilitukuta saa kumi. Lilituvuta kwa dakika nne. Dereva wake akasema tu, "Ninyi ndio wa ulanzi?"

Usiku wa pili mvua ilinyesha mapema ikakatika. Niliamka kwa sauti ya kuraruliwa: kwaa, kimya, kwaa. Majani yanang'olewa. Mbalamwezi ilikuwa imetoka, na kwenye kitambaa cha hema nikaona kivuli kikilala, kikubwa kiasi kwamba hakikuwa na umbo, ukuta tu unaotembea. Alikuwa hatua tatu. Nilisikia tumbo lake likinguruma, chini sana, zaidi kifuani mwangu kuliko masikioni. Nilisikia akikung'uta mzizi mguuni kuondoa tope kabla ya kula, pa, pa, kama mtu anayepiga mchicha kwenye karai. Kamba ya hema ilitikisika kidogo, akaiacha. Mwanangu alikuwa ameamka, macho wazi, hapumui. Nyuma ya yote hayo mto ulikuwa unavuma. Tembo hakwenda kuchimba. Alikula, akageuka, tukamsikia akiingia majini.

Asubuhi nyayo zilikuwa zimepita kati ya hema zetu mbili, kila moja imejaa maji ya mvua. Shemeji alilala usiku kucha hakusikia lolote. Alizipima kwa spana.

Jumapili tulirudi. Mtera tulisimama kununua perege wa kukaanga. Shemeji aliangalia bwawa kwa muda, akauliza, "Hivi maji ya juzi, yale ya kambini, yatakuwa yameshafika hapa?" Hakuna aliyejua. Kijana muuza samaki alikuwa ameingiza kichwa dirishani kupokea hela. Akanusa, akaangalia viti, akanusa tena.

"Samahani wazee wangu. Ulanzi mnauza bei gani?"