Dawa ya kichefuchefu ilivyonivuruga akili

Nilidhani nimerogwa. Siku ya tatu ya kumeza metoklopramaidi, miligramu 10 mara tatu kwa siku, nilishindwa kutulia kwenye teksi kutoka Busia hadi Jinja: miguu inacheza yenyewe, moyo mbio, machozi bila sababu. Shemeji akasema ni mawazo ya biashara. Mawazo gani, na mauzo yalikuwa mazuri!

Usiku nikaikunjua ile karatasi ya ndani ya boksi. Wasiwasi, kutotulia, huzuni: vyote vimo, kwa herufi za sisimizi. Kumbe dawa hii huzuia kazi ya dopamini, kemikali ya kupitisha ujumbe kati ya neva, hata ndani ya ubongo. Ulaya tangu 2013 wanashauri isizidi siku 5.

Nilimrudia daktari, akaisimamisha. Kesho yake jioni nilikaa kibarazani nikamaliza rolex nzima, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, bila kuinuka.