Moshi hadi Arusha, tekno masikioni
Leo nimepanda Kosta ya alfajiri pale stendi ya Moshi, nikavaa hedifoni na kuwasha rekodi ya DJ ya muziki wa Tresor, lebo ya kurekodi ya klabu yenye jina hilohilo. Jamani, tekno, huu muziki wa dansi wa mashine za kielektroniki, imeniteka! Klabu yenyewe ilifunguliwa Berlin mwaka 1991, chini ya ardhi, kwenye vyumba vya kuhifadhia fedha vya duka kubwa la zamani. Mwaka huohuo wakaanza kutoa rekodi, na ya kwanza ilikuwa ya kundi la Underground Resistance la Detroit, Marekani. Hapo ndipo roho yangu inapofurahi: Wamarekani weusi ndio waliouzaa muziki huu, Berlin ikaupa nyumba.

Tulipopita Boma Ng'ombe ngoma ilikuwa inadunda peke yake, du du du du, hakuna anayeimba. Halafu toazi dogo likapenya katikati ya mapigo, tsi, tsi. Mwili ulinisisimka hadi vidoleni! Waliozoea singeli mtaiona ya taratibu. Ipeni nusu saa tu, ila msitumie spika ya simu, inaua besi yote.

Arusha nimeshuka rekodi haijaisha. Nikakaa kwenye benchi hapohapo stendi mpaka pigo la mwisho.