SSD na Gemu Kwenye Kompyuta Mpakato: Nilichokipima Mwenyewe

Anayetaka kucheza gemu kwenye kompyuta mpakato ya mtumba hupewa ushauri uleule karibu kila duka analoingia: weka SSD (diski ya kielektroniki isiyo na kitu kinachozunguka), mashine itakimbia. Ushauri huo una ukweli, ila haumwelezi mtu ni kitu gani hasa kitakachokimbia, na kwa mwenye fedha ya kubadilisha kifaa kimoja tu, hilo ndilo swali la kujibiwa kabla hajalipa. Mimi niliamua kulijibu kwa vipimo, kwenye mashine yangu mwenyewe, nikibadilisha kitu kimoja kimoja.

Mashine yenyewe ina prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 4, na wakati huo ilikuwa na kipande kimoja cha RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) cha gigabaiti 8 pamoja na hadi diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Haina kadi ya grafiki ya pekee; picha zote huchorwa na Intel HD Graphics 4600 iliyomo ndani ya prosesa. Gemu niliyoitumia kupimia ni Grand Theft Auto V, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2015, kwa sababu mji wake wote haupakiwi kwa mkupuo mmoja, bali husomwa kutoka kwenye diski kadiri mchezaji anavyosogea.

Nilipoendesha gari kwa kasi, barabara ilichelewa kujitokeza. Gari lilipita juu ya utando wa rangi moja, lami na mistari yake vikajichora baadaye, na mara kwa mara picha nzima iliganda kwa muda mfupi kisha ikaruka mbele. Nikafungua Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha kazi za mashine, nikaona diski iko asilimia 100, ilhali kasi ya kusoma ilikuwa megabaiti chache tu kwa sekunde. Kwa mtazamo wangu, hicho ndicho kipimo muhimu kuliko vyote, nacho hakigharimu chochote. Diski hiyo ilikuwa imezidiwa na vipande vingi vidogo vilivyotawanyika huku na huko, si na uzito wa data. Kwa mizunguko 5,400 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 11, na kila kipande kinadai kichwa cha kusomea kihame kwanza, kisha kisubiri sehemu inayotakiwa ipite chini yake. SSD haina kitu kinachozunguka, hivyo hukifikia kipande hichohicho kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde.

Kabla ya kununua chochote, nilitumia jaribio la kupima grafiki lililomo ndani ya gemu yenyewe. Jaribio hilo hupitia mandhari kadhaa, kisha huandika fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) za chini kabisa, za juu kabisa na wastani. Wastani wangu ulikuwa fremu 24 hivi kwa sekunde, na zile za chini ziliporomoka vibaya.

Dukani nilikuwa nimevutiwa na SSD za NVMe, aina ya kasi zaidi, ambazo zile za njia ya PCIe 3.0 hufika megabaiti 3,500 kwa sekunde, wakati za SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski, huishia karibu 550. Fundi akanizuia: “Kaka, hiyo haina pa kukaa kwenye mashine yako, chukua ya SATA ya inchi 2.5.” Nilimshukuru, kwa kuwa kwa gemu za aina hii faida kubwa iko katika kuachana na diski inayozunguka, tofauti kati ya SATA na NVMe hubaki sekunde chache wakati wa kupakia. Nyumbani niliijaza SSD hiyo yote kwa programu ya H2testw kuhakikisha kwamba ujazo ulioandikwa ni wa kweli, jambo ninalomsihi kila mnunuzi alifanye, maana diski za bandia zipo sokoni. Kuifunga ni kazi ya bisibisi tu: betri inatoka kwanza, kisha kifuniko, kisha diski. Ile ya zamani niliihamishia mahali pa DVD kwa kikasha chembamba cha kushikilia diski, na Windows nikaiweka upya kwenye SSD.

Kuingia ndani ya mchezo, ambako kulikuwa kunapita dakika mbili, sasa kunachukua chini ya dakika moja. Barabara inakuwa imekwisha kuchorwa kabla gari halijafika, na kule kuganda kumepungua sana, hata pale RAM inapojaa na Windows kulazimika kuhifadhi sehemu ya kazi zake kwenye diski. Katika jaribio, fremu za chini zilipanda waziwazi. Wastani ulibaki palepale, 24, kwa sababu kuchora fremu ni kazi ya grafiki na prosesa, na SSD haiwezi kuwasaidia kuchora.

Kilichopandisha wastani ni kipande cha pili cha RAM. Grafiki iliyomo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, inaazima ya mashine, na RAM ya DDR3L-1600 ikiwa kipande kimoja hupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde, vikiwa viwili 25.6. Wastani ukakaribia fremu 31. Kwa hiyo mwenye diski inayogonga asilimia 100 katikati ya mchezo aanze na SSD. Ambaye diski yake imetulia lakini picha ni nzito muda wote, aitazame RAM na grafiki yake kwanza.

Kuna kusubiri kusikotokana na diski kabisa. Mwaka 2021 mtaalamu mmoja wa programu aligundua kuwa GTA Online, sehemu ya Grand Theft Auto V inayochezwa mtandaoni, ilipoteza muda mwingi wa kupakia kwa sababu prosesa ilikuwa ikichambua faili la megabaiti 10 kwa njia mbaya. Rockstar, watengenezaji wa gemu hiyo, wakalirekebisha tatizo hilo na kumlipa dola 10,000.

Kwa gemu mpya, SSD si hiari tena. PlayStation 5 na Xbox Series X zilitoka Novemba 2020 zikiwa nayo, watengenezaji wakaanza kuitegemea, na gemu ya Starfield ya mwaka 2023 inaitaja katika mahitaji yake ya chini.

Kwangu, gemu ninayoicheza kwa kipindi husika hukaa kwenye SSD. Zile za mpira nimeziacha kwenye hadi diski, kwa kuwa uwanja na wachezaji hupakiwa kabla ya mechi na baada ya hapo diski haina kazi kubwa. Nikitaka kubadilisha, Steam, programu ya kununua na kuendesha gemu, inahamisha gemu kutoka diski moja kwenda nyingine bila kuipakua upya, na kwa anayenunua bando, hiyo ni nafuu kubwa.