Maji yalinidanganya

Jumatatu ya juzi nafika saiti asubuhi, jukwaa la chuma tunalotumia kupaka rangi ghorofa ya pili limeinamia barabarani. Si sana, ila mguu mmoja umenyanyuka, kiganja kinapita chini yake. Moyo ukanilipuka.

Kosa langu. Nilifunga mapipa ya maji kwenye miguu ya jukwaa, yawe uzito wa kulizuia lisipinduke, kwa sababu maji ni bure. Pipa la lita 200 ni kilo 200, nani abishe? Usiku koki ikavuja, na kusi nayo ikavuma. Kulipokucha pipa hata mtoto angelisukuma.

Viroba vya mchanga nilishavikataa zamani: jua linavichoma, vinachanika, mchanga unamwagika kimyakimya.

Sasa tumejaza zege kwenye ndoo za rangi za lita 20, kila moja karibu kilo 48, nondo iliyokunjwa ndiyo mkono. Tumeziacha zikauke siku nne, ndipo tukazifunga kwa waya kwenye bomba la mlalo la chini kabisa. Kijana mmoja alitaka kuzining'iniza juu, karibu nimrushie brashi! Na jukwaa tumelifunga ukutani pia. Bosi analalamikia saruji. Alalamike tu.