Bonde Lisilo na Alama Ramanini

Kwenye ramani ya iNaturalist, jukwaa la mtandaoni ambako watu hupakia picha za viumbe ili watumiaji wengine wasaidie kuvitambua, kila kiumbe kilichorekodiwa huonekana kama alama ndogo ya rangi, na mtu akiitazama kwa muda ataona kwamba alama hizo hufuata barabara kuliko zinavyowafuata wanyama wenyewe. Bonde nililolichagua halikuwa na alama hata moja, ilhali kando ya barabara kuu iliyo nyuma ya kilima zilikuwa zimesongamana. Mto wake una maji mwaka mzima, kwa hiyo viumbe havikukosekana. Aliyekosekana ni mtu mwenye simu. Niliondoka alfajiri ili niufuate mto huo kwa miguu, tangu chemchemi hadi kwenye kinamasi unakoishia.

Sehemu kubwa ya bonde haina mtandao, jambo ambalo halikunitia wasiwasi, kwa kuwa simu huhifadhi saa na mahali picha ilipopigwa, na kazi ya kupakia inaweza kusubiri. Kwa ndege nilitumia eBird, mradi wa kukusanya orodha za ndege walioonekana, ulioanza mwaka 2002 chini ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell. Programu yake hupima muda na umbali wa matembezi, kisha mwishoni hukuuliza kama umeorodhesha ndege wote uliowatambua. Jibu la "ndiyo" lina uzito mkubwa, kwa sababu hapo ndipo mtafiti hujua kwamba ndege asiyekuwamo katika orodha hakuonekana wala hakusikika, si kwamba alipuuzwa. Ndiyo maana niliwaandika yangeyange na mbayuwayu wote niliokutana nao, ingawa sijapata kumsikia msafiri akijisifu kwamba ameona yangeyange.

Penye uwanda wa nyasi, vipepeo wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi za mabawa walinichelewesha kuliko miteremko yote. Danaus chrysippus, akiwa bado kiwavi, hula mimea yenye utomvu wa sumu, na sumu hiyo hubaki mwilini mwake hata anapokuwa kipepeo, hivyo ndege wengi humwepuka. Jike la Hypolimnas misippus, ambaye hana sumu, huvaa sura ileile na kupata ulinzi asioulipia. Programu ya iNaturalist ikipewa picha hafifu inaweza kupendekeza jina lisilo sahihi, lakini tofauti iko kwenye bawa la nyuma: mwenye sumu ana madoa meusi matatu au manne karibu na katikati, na mwigaji ana moja tu kwenye ukingo wa mbele. Nilichuchumaa juani mpaka mmoja akatua na kufunua mabawa yake, na doa lilikuwa moja. Kwa maoni yangu, picha moja ya namna hiyo inashinda rundo la picha zilizopigwa huku mtu akitembea.

Chini zaidi, shina moja la gugumaji lilikuwa limenasa kwenye mizizi ya mti. Mmea huo una asili ya Amerika Kusini, na rekodi yake ina manufaa zaidi ikiwahi, kabla haujafunika maji. Hatua chache mbele, juu ya mti mkavu, palikuwa na kiota cha tai chenye kinda. iNaturalist yenyewe huficha mahali halisi pa spishi nyingi zilizo hatarini, ikiiweka alama popote ndani ya mraba wa nyuzi 0.2 kila upande, yaani kilomita 22 hivi kwenye ikweta. Hapo sikuitegemea kanuni hiyo, nikachagua mwenyewe kuficha.

Usiku, mtandao uliporejea, nilipakia picha zote. Rekodi hupata daraja la utafiti pale zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi wanapoafikiana juu ya spishi, na zile zenye leseni inayofaa hupelekwa GBIF, hifadhidata ya kimataifa inayotumiwa na watafiti. Kerengende aina ya Pantala flavescens, ambao huhama kwa kuvuka Bahari ya Hindi, alithibitishwa kabla sijalala. Mbawakawa wa kinamasini hajapata jina zaidi ya lile la familia yake: aliyejaribu kumtambua aliomba picha ya upande wa tumbo, naye mbawakawa aliruka mara tu nilipompiga picha ya mgongo.