Kalamu imegoma

Tangu masika yaanze sijatunga hata ubeti. Mchana nipo stationari hapa Ngamiani, Tanga: natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi. Jioni nikishika daftari, vina vya kati vinakuja, vya mwisho vinagoma. Mstari unataka mizani (silabi) 16, 8 kwa 8, na kichwa kishachoka. Wanasema nenda Raskazone ukapunge upepo, mawazo yatakuja. Nimekwenda. Nimekula pweza, nimerudi nimeshiba, basi.

Kinachoniuma ni lile grupu letu la WhatsApp. Wenzangu wanajibizana beti kwa beti, mimi naweka dole gumba tu. (Na wengine vina vyao vya kulazimisha, lakini angalau wanaandika.)

Jana kaja mzee anataka barua ya kwenda Dar na basi, pamoja na kiroba cha machungwa ya Muheza. Akasema, "Andika: mama yako anakohoa sana." Nikachapa. Akanyamaza, akakuna ndevu. "Mwanangu, hiyo ya kukohoa iondoe. Andika machungwa ni matamu mwaka huu."

"Haya, mzee wangu."

Usiku nikapata mstari mmoja. Mizani 15. Sijaufuta.