Nilivyoimaliza The Woman in White kwa daftari na kalamu nyekundu

Ushauri niliopewa ulikuwa wa hovyo: riwaya za fumbo zenye majumba ya kale na mapenzi husomwa usiku, taa hafifu, tena uanze na zile za mwanzo. Nikatii. Nikaanza na The Mysteries of Udolpho ya Ann Radcliffe, ya mwaka 1794, juzuu nne. Msichana Emily, ambaye hadithi inamhusu, yuko ngomeni, milimani Italia, na chumbani kuna kitu kimefunikwa kwa pazia jeusi. Analifunua, anaona alichokiona, anazimia. Na mimi msomaji? Siambiwi kitu! Nikapandishwa milima na kushushwa, nikapewa mashairi, machweo hayahesabiki, juzuu ya tatu ikaanza na pazia halijatajwa la maana. Nikashindwa, nikachungulia mwisho: sanamu ya nta, imetengenezwa ifanane na maiti iliyooza. Nta!

Ndivyo alivyo Radcliffe, kila mzuka mwishoni ana maelezo yake. Waliomsoma mpelelezi Bwana Msa katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale mchezo huo wanaujua. Lakini kwa Radcliffe hofu imejaa gizani, na mimi giza halinitishi; umeme kukatika nimeshazoea.

Nikahamia kwa Wilkie Collins, ambaye hofu yake iko kwenye karatasi: hati, sahihi, tarehe. The Woman in White ilitoka kwa vipande 40 vya kila wiki katika jarida la Charles Dickens, Novemba 1859 hadi Agosti 1860. Matoleo mengi ya sasa hayaonyeshi vipande vinaishia wapi. Kitabu changu kilikuwa na kurasa mia sita na ushee, nikagawa kwa 40: kurasa kumi na tano hivi. Viwili kwa wiki, basi. Kitabu nilikinunua kimetumika, kwa bei ya chapati na chai za siku mbili tatu. Kwenye simu kinapatikana bure maana haki zake zilishakwisha.

Daftarini nilichora safu tatu: tarehe, nani anasimulia, amejuaje. Hiyo ya tatu usiiache. Riwaya imepangwa kama ushahidi mahakamani. Kila mtu anasema alichokiona yeye tu, hadi mpishi asiyejua kuandika, ambaye maneno yake yameandikwa na mwingine. Hata jiwe la kaburi limepewa zamu.

Wengi huruka sehemu ya wakili Gilmore, eti ni mambo ya mkataba wa ndoa, hayana mapenzi. Hapo ndipo jini lilipolala. Laura, binti anayezungukwa na fumbo lote, ana pauni 20,000, na mchumba wake anang'ang'ania kwamba akifa bila mtoto, fedha ziwe za mume. Ami yake Laura anakubali kwa uvivu tu, hataki kusumbuliwa. Sheria ya Uingereza iliyoanza kumwachia mke mali yake ilikuja mwaka 1870, kwa hiyo huyu binti hana pa kukimbilia. Soma kurasa hizo mara mbili, kisha utazame upya mwalimu wa kuchora, Walter, anayelipwa gini nne (gini ni zaidi kidogo ya pauni) kwa wiki na kunyamaza na penzi lake kwa Laura. Ukimya wake utakuuma zaidi.

Kalamu nyekundu niliiweka kwa ajili ya swali moja linaloshikilia fumbo lote: Laura alisafiri kwenda London siku gani? Nina fahari kusema nilizungushia mwisho wa Julai kabla Walter hajashtuka. Ila angalia toleo lako. Mhakiki wa gazeti la The Times mwaka 1860 alipiga hesabu akakuta tarehe zimepishana kama wiki mbili, na Collins ikabidi azirekebishe. Ukiwa na matini ya zamani, hesabu itakukataa na utadhani mjinga ni wewe.

Sheria ya vipande viwili niliivunja mara moja. Marian, dada yake Laura kwa mama, ametoka dirishani usiku, amejibanza juu ya paa la baraza akisikiliza njama za wanaume wawili, mvua inamlowesha. Anarudi, anaandika yote kwenye shajara huku homa inapanda, mwandiko unavurugika, maneno yanakatika. Halafu, kwenye shajara ileile, linaanza kuandika lile jitu nene lenye panya weupe, Count Fosco, likisifu jinsi Marian anavyoandika vizuri. Ameshaisoma yote. Usiku ule nilimaliza vipande vitano.